Buti la Kapteni Dale

Hundi ilirudi Jumanne. Bi. Moyer, karani mkuu wa Nyumba ya Wazee ya Mtakatifu Barbara, hakumpigia simu mwenye hundi. Alimpigia binti yake, maana katika mji wetu mtu akishazeeka, aibu zake hupelekwa kwanza kwa watoto. Rosalie alikuwa kazini kwenye kaunta ya nyama ya supamaketi, amevaa glavu na kofia ya wavu, anamkatia mteja nyama ya nguruwe. Simu ilitetemeka mfukoni hadi mteja mwenyewe akamwambia aipokee tu, hana haraka.

"Samahani kukusumbua kazini, mpenzi," alisema Bi. Moyer. "Hundi ya mzee wako imekataliwa. Benki inasema akaunti haina kitu."

"Haina kitu vipi? Ile ni akiba yake. Ana elfu ishirini na kitu mle."

"Mimi nakusomea walichoandika tu."

"Kuna makosa basi. Baba tangu aache kazi ya kiwanda cha chuma hajajinunulia hata soksi!"

"Nami naomba yawe makosa. Lakini kitanda siwezi kukishikilia sana, Rosalie. Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo bodi itaniuliza."

Kitanda chenyewe kilikuwa cha Verna, mama yake Rosalie. Akili ya Verna ilikuwa ikimwacha pole pole. Mchana alikuwa mtu wa kukaa naye, akikunja taulo, akicheka, hata akikutania nguo ulizovaa. Jua likianza kushuka nyuma ya kilima ndipo hofu humjia. Hutafuta mlango, hulia, husema anangojwa mahali. Mtu mmoja tu aliweza kumtuliza, naye ni mumewe, Emil Hudak. Humketisha, humshika mkono, na kumtajia majina ya mbwa wote waliowahi kuwafuga tangu waoane, mmoja mmoja, na tabia zake, mpaka atulie. Lakini majira ya vuli Verna alimsukuma kwenye ngazi, Emil akavunjika mbavu mbili, na daktari akasema sasa basi, huyu mama anahitaji watu wa kumwangalia usiku na mchana.

Mtakatifu Barbara ilikuwa mitaa miwili tu kutoka nyumbani kwao, ubavuni mwa kanisa. Emil, ambaye macho yalishamnyang'anya leseni ya gari, angeweza kwenda kwa miguu kila jioni. Sharti lilikuwa moja: familia ilipe yenyewe miezi miwili ya kwanza, dola elfu kumi na nane, kisha serikali ibebe mzigo. Asiyekuwa nazo hupelekwa nyumba ya kaunti huko Marlow, mwendo wa saa mbili kwa barabara ya mlimani. Huko hupokea mtu yeyote.

* * *

Jioni ile Rosalie alimkuta baba yake jikoni akikaanga tambi na kabichi. Verna alikuwa mezani, bado mchangamfu, anapanga vijiko kwa ukubwa.

"Huyu dada anakula?" Verna aliuliza.

"Huyu ni Rosalie, mama watoto. Anakula, tena sana," Emil akajibu.

"Baba, zima jiko. Pesa za mama ziko wapi?"

"Benki."

"Benki hazipo. Nimetoka huko sasa hivi, wamenionyesha. Usinichezee, baba. Kuna mtu amekuibia?"

Emil alizima jiko, akafuta mikono kwa kitambaa, akakikunja kitambaa. "Mimi siibiwi," alisema. "Nimetoa."

"Umempa nani?"

"Wazimamoto."

"Wazimamoto gani? Wa hapa, Dutch Pavlik na wenzake?"

"Wa nchi nzima. Wa kujitolea kama sisi. Kuna kamati, inaitwa Ngazi na Ngao. Wanawasimamia wajane, wanawabana wabunge watupe vifaa. Nilikuwa nawapa kidogo kidogo tu, Rosalie. Thelathini na tano, ishirini na tano. Kidogo kidogo."

Hapa lazima niseme jambo, maana mtu wa mbali anaweza kumwona Emil ni mjinga, naye hakuwa mjinga. Kwetu hatuna zimamoto wa kulipwa. Nyumba yako ikiwaka, anayekuja ni fundi bomba, mwalimu wa hesabu na muuza matairi, wamevaa makoti mazito. Kila mwaka, wikendi ya kufungua kiangazi, wanasimama njia panda na buti la zimamoto mkononi, na kila gari linashusha kioo na kutia chochote. Hakuna risiti. Hakuna aliyewahi kuuliza kilichokusanywa ni kiasi gani wala kimeenda wapi, kwa sababu kuuliza hivyo ni sawa na kumwambia jirani yako mwizi. Emil alilibeba buti lile karibu miaka thelathini. Kwa hiyo sauti ya simu ilipomwambia, "Bwana, tunapitisha buti," alifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Alishusha kioo.

"Karibu elfu kumi na tisa, baba," Rosalie alisema. "Kidogo kidogo yako hiyo."

"Haiwezi kufika hapo."

"Imefika. Kuna siku wamekata mara tatu. Na si hao tu, kuna kamati ya askari, ya mayatima wa vita, sijui ya saratani. Wote hawa unawajua?"

"Wale wengine walipiga baadaye. Sikumbuki kama niliwakubalia." Alikaa kitini. "Lakini Dale namjua. Kapteni Dale ni mtu mzuri. Nitamweleza shida yangu, atazirudisha. Hawezi kukubali Verna apelekwe Marlow. Tunaongea naye kila wiki, Rosalie. Anamjua mama yako."

"Anamjua vipi?"

"Namsimulia."

Rosalie akakumbuka jioni zile. Mara nyingi alipopiga jioni alikuta laini ya baba yake ina mtu, na kwa kweli alikuwa akifurahi. Alidhani anaongea na mjomba wake, na kwamba jioni hiyo yeye mwenyewe amepumzika kumliwaza. Kumbe alikuwa Dale.

* * *

Kapteni Dale alipiga Alhamisi, wakati wa chakula. Emil aliruka kama aliyekuwa akingoja majibu ya hospitali. Rosalie akamwambia aweke spika.

"Habari za jioni, bwana Emil! Kapteni Dale hapa. Unaendeleaje rafiki yangu?"

Ilikuwa sauti nzuri, ya mwanamume wa makamo, yenye mkwaruzo kidogo kama ya mtu aliyevuta moshi mwingi kazini.

"Dale, afadhali umepiga," Emil alisema. "Nina shida kubwa. Zile pesa, sikujua zimefika kiasi kile. Nazihitaji kwa ajili ya mke wangu."

"Ninakuelewa kabisa, bwana. Mungu akubariki. Wenzetu walio mstari wa mbele wanakutegemea. Je, tunaweza kukuandikia thelathini na tano tu safari hii?"

"Hapana, Dale, hujanisikia. Nasema nazihitaji zirudi."

"Ha ha! Hilo nalo neno, bwana!"

Emil alicheka pia, kidogo, kwa adabu, akamtazama binti yake. Rosalie alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mwenzake wa kaunta ya samaki alikuwa amemweleza mchana ule namna mambo haya yanavyofanyika, naye hakutaka kuamini.

"Muulize mama anaitwa nani," alisema.

"Ah, Rosalie, jamani. Si anajua."

"Kama anajua, muulize."

"Dale," Emil alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa utoto wa mtoto wake, "binti yangu hapa ana wasiwasi. Mwambie tu, mke wangu anaitwa nani?"

"Ha ha! Hilo nalo neno, bwana!"

Kilikuwa kicheko kile kile. Si kinachofanana, kile kile, kikianzia mahali pale pale na kuvuta pumzi mahali pale pale. Emil alisogeza uso karibu na simu.

"Dale. Mke wangu anaitwa nani?"

"Ninakuelewa kabisa, bwana. Mungu akubariki."

"Verna amekufa, Dale," Emil alisema. "Amekufa leo asubuhi."

Verna, aliyekuwa mbele yake na kijiko cha supu, aliinua macho na kusema, "Maskini. Nani huyo?"

"Ninakuelewa kabisa, bwana. Sote tunapitia nyakati ngumu. Ndiyo maana leo tunaomba ishirini na tano tu."

Upande wa pili hakukuwa na kapteni. Kulikuwa na ukumbi mkubwa wenye baridi ya kiyoyozi, katika nchi ambayo Emil asingeweza kuionyesha kwenye ramani, na humo mwanamke mmoja mwenye vidude masikioni alikuwa akibonyeza vitufe, kila kitufe na sentensi yake. Aliyasikia yote. Kitufe cha kusema pole hakikuwepo, akabonyeza kilichokaribia. Kapteni mwenyewe alikuwa mwigizaji wa matangazo aliyelipwa siku moja kusoma karatasi, akaenda zake.

Rosalie akakata simu. Emil aliendelea kuitazama.

"Nilimwambia jinsi ninavyomwogesha," alisema. "Nilimwambia mama yako ananiita kwa jina la kaka yake. Nililia, Rosalie. Nililia kwenye simu ile na yeye akanibariki."

Akafunika uso kwa mikono yake mikubwa iliyozoea chuma. Pesa zilimuuma, lakini siku ile si pesa zilizomliza.

* * *

Kwenye jengo la mahakama la kaunti kuna ofisi inayowasaidia wazee mambo ya sheria bila malipo. Wakili wake, Bi. Lindqvist, alikuwa mwanamke mchovu mwenye mafua, na hakuwazungusha.

"Nimewatafuta hawa Ngazi na Ngao," alisema, akigeuza kompyuta wapate kuona. "Wameandikishwa kama kamati ya kisiasa. Shirika la misaada lingetakiwa kuonyesha misaada iliyotoa, na tungelibana. Kamati ya kisiasa inatakiwa kutangaza tu imepata nini na imetumia nini. Na wametangaza. Tazameni, hawakuficha kitu."

"Wajane wamepata ngapi?" Emil aliuliza.

"Hakuna wajane, bwana Hudak."

"Na wabunge?"

"Mmoja, wa huko magharibi. Dola mia tano, mwaka juzi."

"Sasa zote zimeenda wapi?" Rosalie alisema kwa ukali.

"Kwenye simu. Kila dola aliyotoa baba yako, senti tisini na moja zimeilipa kampuni ya kupiga simu, ili ipige simu nyingine ya kuomba dola nyingine. Zilizobaki ni mshauri, mhasibu, na kodi ya ofisi. Ofisi yenyewe ni sanduku la posta. Na mshauri ni shemeji wa mwenye kampuni ya simu, lakini hilo nalo si kosa."

"Kwa hiyo wanachangisha ili wachangishe," Rosalie alisema.

"Ndivyo."

"Na hiyo ni halali?"

"Wakili wao atasema walimwomba mtu mzima, akakubali. Wanazo sauti zake akikubali." Bi. Lindqvist alipenga kamasi. "Benki inaweza kurudisha ya miezi miwili ya mwisho, nikiwaandikia vikali. Kama dola mia nane hivi. Hizo kamati nyingine zilikupata kwa sababu hawa waliliuza jina lako."

Emil, aliyekuwa akitazama kofia yake magotini, aliinua kichwa. "Waliliuza bei gani?"

"Nini?"

"Jina langu."

Bi. Lindqvist aliangalia pembeni. "Senti kadhaa, bwana Hudak. Huuzwa kwa maelfu."

Walipotoka, Emil alisimama kwenye ngazi za mahakama akifunga vifungo vya koti, akikosea, akianza upya. Rosalie alitaka kumfokea, na alikuwa na haki. Mchuma janga hula na wa kwao, na katika hili aliyelichuma ni mmoja, watakaolila ni watatu. Badala yake alimfunga vifungo.

* * *

Habari haikai kwenye mji kama wetu. Jumamosi ya wiki iliyofuata Dutch Pavlik, mkuu wa zimamoto, aliita chakula cha jioni ukumbini pao: tambi, pirogi za unga zilizojazwa viazi, keki walizooka kina mama wa kanisa, na mlangoni buti. Watu walifurika mpaka wengine wakaketi kwenye ngazi ya gari la maji.

Ninaomba mnielewe. Watu walikuja kwa mapenzi. Lakini harambee ina ubaya wake kwa yule anayefanyiwa. Emil alifika na Verna mkononi, amevaa tai, na alipolikaribia buti mkono ukaenda mfukoni wenyewe, kwa mazoea. Haukukuta kitu. Akajaribu mfuko wa pili. Rosalie akamtelezeshea noti ya tano, naye akairudisha.

"Hiyo si yangu," akasema.

"Mzee, leo buti ni la kwako," Dutch akasema kwa sauti, akidhani anamsaidia. "Leo wewe hutoi kitu, unapokea!"

Watu wakapiga makofi. Kisha Clyde Swope, ambaye hajawahi kumeza neno, akapaza sauti kutoka meza ya nyuma: "Ah, Emil! Ungetupa sisi hizo elfu kumi na tisa, pampu yetu ingekuwa na umri mdogo kuliko mke wa Dutch!"

Ukumbi ukacheka, Dutch akacheka, na Emil pia akacheka, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya. Na ilikuwa kweli. Pampu ile ilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, na kwa miaka yote minne aliyowatumia pesa wazimamoto wa nchi nzima, kituo chake mwenyewe hakikuona hata bomba moja la mpira. Alikula pirogi moja. Nje kulipoanza kufifia Verna akaanza kutafuta mlango, akawa anawasukuma watu, akimwita mtu asiyekuwepo, na ukumbi mzima ukaangalia sahani. Emil akamtoa, akimtajia mbwa wa kwanza, yule mweusi aliyekula sabuni.

Buti lilitoa dola elfu nne na kitu. Kutoa ni moyo, na moyo ulikuwepo. Utajiri ndio haukuwepo. Bi. Moyer wa Mtakatifu Barbara alitia hamsini zake mwenyewe, akala, akaosha vyombo na wenzake. Halafu akamvuta Rosalie kando ya friji.

"Bodi imekaa jana," alisema. "Ijumaa ilipita, mpenzi. Kitanda kimepata mtu. Nimepigana, naapa. Nimewaambia ni Emil, mnamjua nyote. Wakasema wanamjua."

"Hata nikileta hizi leo, na zangu za mshahara kila mwezi?"

"Nikimpokea mmoja hivyo, kesho nitakuwa na kumi mlangoni." Bi. Moyer alianza kulia, na Rosalie akajikuta yeye ndiye anayembembeleza.

Hizo elfu nne nazo zikawa shida. Bi. Lindqvist alieleza kwamba serikali hailipii mtu mwenye pesa nyingi kiasi hicho. Lazima zitumike kwanza. Zikipelekwa Marlow zitaliwa kwa wiki mbili. Njia moja tu inaruhusiwa ya kuziweka zisiguswe, nayo ni kulipia mazishi mapema. Basi Rosalie na baba yake wakaenda kwa bwana wa majeneza, akawapa kahawa, wakamchagulia Verna sanduku la mwaloni na mahali makaburini, nyuma ya kanisa, ukuta mmoja na Mtakatifu Barbara. Hicho ndicho mji wetu uliweza kumnunulia.

* * *

Walimpeleka Marlow Jumatatu, wiki moja baadaye. Verna alifurahia safari. Alisoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti, akawapungia mkono ng'ombe. Emil alikaa naye kiti cha nyuma, amempakatia sanduku lake la nguo.

Nyumba ya kaunti haikuwa mbaya. Tuseme haki. Sakafu ilikuwa safi, na muuguzi, mwanamume mnene mwenye ndevu, alimwita Verna "mama mrembo" na kumwonyesha dirisha lake. Vitanda vilikuwa viwili chumbani. Kwenye kile kingine bibi mmoja alikuwa amelala amegeukia ukuta. Rosalie akapanga nguo kabatini. Aliuliza kama wageni wanaruhusiwa Jumapili, akaambiwa siku yoyote, saa yoyote. Hakusema kwamba siku yake ya mapumziko ni moja kwa wiki, na gari lina matairi ya kuombea.

"Na jioni?" Emil alimuuliza muuguzi. "Jioni yeye huwa anaogopa."

"Hapa wengi huogopa jioni, mzee," muuguzi akasema kwa upole. "Tunawasha taa zote. Tuna televisheni."

"Mtajieni mbwa."

"Mbwa gani?"

Emil alianza kueleza, akaona muuguzi anaitwa kutoka vyumba viwili kwa pamoja, akaacha.

Rosalie alitangulia kuwasha gari, kwa kuwa barabara ya mlimani hushika barafu mapema. Emil alibaki amesimama mbele ya kiti cha Verna, kofia mkononi. Verna alimtazama kwa wema, kama unavyomtazama mtu aliyekubebea mzigo stesheni.

"Asante kwa kunisindikiza, bwana," alisema. "Umepata taabu."

"Si taabu."

"Unaweza kwenda. Mimi nitamngoja mume wangu. Huja jioni."

"Ndiyo," Emil alisema.

"Unamfahamu?"

"Namfahamu kidogo."

"Basi ukimwona mwambie asichelewe." Aliangalia dirishani, ambako mwanga ulikuwa umeshaanza kugeuka. "Mwambie siyo kwamba namharakisha. Ni kwamba huwa naogopa."

"Nitamwambia," Emil alisema. "Atakuja."

Verna akaridhika. Akampa mkono, naye akaushika, akautikisa kama mgeni, akavaa kofia yake na kutoka.